Umejuaje?
Mhadhara kwa vijana wa Rwezamenyo, Kigali, kuhusu uzamili wa uandishi wa habari



Jioni hii nimepanda kwa miguu kutoka Biryogo, na njiani nimepita maduka manne yaliyowasha redio. Moja ilikuwa ikitoa habari kwa Kinyarwanda, ya pili kwa Kiswahili, ya tatu kwa Kifaransa, ya nne ilikuwa ikibishana mpira kwa sauti kubwa kuliko zote. Mtu wa hapa anaweza kuisikia habari moja kwa lugha tatu kabla hajamaliza kikombe chake cha chai ya tangawizi. Ndiyo maana mada mliyonipa naiona inastahili kuzungumziwa papa hapa mtaani, mbele ya watu wanaosikiliza redio kutwa nzima.

Mada yenyewe ilianza na swali. Mwezi uliopita, baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya mtaa, binti mmoja wa hapa anayesoma habari katika redio moja ya mjini alinivuta pembeni akaniambia: "Mwalimu, nimeshika maiki miaka sita. Sasa nataka kwenda kusoma uzamili wa uandishi wa habari, na wenzangu wananicheka. Wanasema hapa kazi hufundishwa na kazi. Huko darasani nitapewa nini ambacho redio haijanipa?" Nilimwomba anipe mwezi mmoja nifikiri. Yupo hapa leo, na nitamjibu mbele yenu.

Nianze na jambo lililotokea Bugesera, ng'ambo ya mto Nyabarongo, kusini mwa mji huu. Machi 3, 1992, Redio Rwanda ilisoma tangazo, na siku hiyo ikalirudia tena na tena. Tangazo lilisema kwamba kuna shirika la haki za binadamu huko Nairobi lililotoa onyo: Watutsi wanajiandaa kuwashambulia Wahutu wa Bugesera na kuwaua viongozi wao. Lilikuwa tangazo la uongo. Lakini lilisomwa kwa sauti ileile iliyozoea kusoma taarifa za mvua na bei ya kahawa, na watu wakaliamini, au wakapata kisingizio walichokuwa wakikitafuta. Viongozi wa huko walilitumia kuwaambia watu kuwa lazima wawahi kupiga kabla hawajapigwa. Siku chache baadaye, mamia ya Watutsi wa Bugesera walikuwa wameuawa na nyumba zao zimechomwa moto.

Nimelifikiria tangazo hilo miaka mingi. Nairobi haikuwa mbali. Simu zilikuwapo. Katika jengo lile la redio palikuwa na watu waliokuwa na anwani na namba, na saa za kutosha kabla ya taarifa ya habari inayofuata. Swali moja tu lingetosha: shirika hilo linaitwaje, liko mtaa gani, nani ameisaini barua?

Aliyeuliza na kujibu hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa mama wa Kiitalia, Antonia Locatelli, aliyekuwa ameishi Nyamata, hukohuko Bugesera, miaka mingi akifundisha na kuhudumia watu. Aliona kwa macho yake kinachofanyika, akainua simu, akazieleza redio za nje, RFI na BBC, kwamba haya si machafuko ya majirani waliogombana, yamepangwa. Alipigwa risasi na kufa mwezi uleule wa Machi. Kaburi lake liko Nyamata, jirani na kanisa, na anayesomea kazi hii katika nchi hii naona ana wajibu wa kufika pale angalau mara moja.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Idara ya serikali iliyoendesha Redio Rwanda iliitwa ORINFOR, na mkurugenzi wake wakati ule alikuwa Ferdinand Nahimana. Huyu hakuwa mtu wa elimu ndogo. Alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya uzamivu kutoka Paris, akafundisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Baada ya yale ya Bugesera aliondolewa ORINFOR, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, na ambayo mnajua ilivyochochea mauaji ya kimbari ya Watutsi kuanzia Aprili 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, pale Arusha, ilimhukumu Desemba 3, 2003 pamoja na mwenzake wa RTLM, Jean-Bosco Barayagwiza, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Nahimana alipewa kifungo cha maisha. Rufaa ilipoamuliwa Novemba 2007 adhabu ikashuka hadi miaka 30, lakini alibaki na hatia kwa yale RTLM iliyoyatangaza wakati wa mauaji, naye akiwa na uwezo wa kuyazuia.

Historia ni elimu ya ushahidi. Mwanafunzi wa historia hufundishwa kukishuku kila chanzo: nani ameandika, lini, kwa faida ya nani. Mwenye uzamivu wa historia hakuhitaji mtu wa kumfundisha namna ya kulipima tangazo la Nairobi. Basi binti yangu, usiende chuoni ukidhani shahada itakupa moyo mwema. Katika nchi hii tuna ushahidi wa mahakama kwamba haitoi. Na wala usiende ukidhani kutosoma ndiko usalama, maana maiki ya RTLM ilishikwa pia na Georges Ruggiu, Mbelgiji ambaye hakuwa mwandishi kwa mafunzo, aliyekiri makosa na kufungwa miaka 12.

Kama ni hivyo, kwa nini usome?

Niwaeleze lililonipata mimi. Nilipokuwa kijana katika chumba cha habari, na sitakitaja, nilisoma hewani kwamba soko fulani litafungwa kesho yake kwa ukarabati. Habari hiyo niliipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyenipigia simu. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano, mhariri alikuwa nje, nikaona ni habari nzuri ya kuanzia. Soko halikufungwa. Waliolikosa ni akina mama wanaotoka mbali, wale walioisikia redio wakaacha kuleta nyanya na maharage yao siku hiyo. Mfanyabiashara aliyenipigia aliuza peke yake. Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja hadi mlangoni pa redio, akaniuliza kwa upole kabisa, bila kunigombeza: "Mwanangu, ulijuaje?" Sikuwa na jibu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilimpelekea msimamizi wangu sura ya kwanza ya tasnifu. Ilirudi imejaa wino mwekundu, na pembeni mwa karibu kila aya lilikuwa limeandikwa neno lilelile: "Umejuaje?" Nilipoandika kwamba wasikilizaji wanaiamini redio kuliko gazeti: umejuaje? Nilipoandika kwamba vijana hawapendi taarifa ya habari: umewauliza wangapi, uliwachaguaje, uliwauliza kwa lugha gani, na waliokataa kujibu ni akina nani? Nilikasirika. Kisha nikamkumbuka yule mama wa sokoni, na tangu siku hiyo nikaelewa ninachokisomea.

Jibu langu kwa binti yetu ni hilo. Redio itakufundisha kuwahi. Itakufundisha sauti, pumzi, kukata maneno, kumtuliza mgeni mwenye hasira, kujaza dakika mbili umeme unapokatika. Hayo darasa haliwezi. Kitu ambacho redio haikupi, kwa sababu haina muda nacho, ni mwaka mzima au miwili ya kuulizwa na mtu asiyekuonea haya: umejuaje? Utaandika pendekezo la utafiti, nalo litarudishwa. Utatengeneza hojaji, utaijaribu kwa watu kumi, utagundua kwamba swali lako la tatu lilikuwa linawalazimisha jibu. Mwisho utasimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yako, na mtu ambaye hajawahi kukuona atafungua ukurasa wa 47 akuulize takwimu ile umeitoa wapi. Laiti tangazo lile la Machi 1992 lingepita mbele ya jopo la namna hiyo.

Masomo haya hayajaanza jana, na kwetu hayakuletwa kama mzigo mgeni. Pale Nairobi, mwaka 1963, Taasisi ya Kimataifa ya Vyombo vya Habari ilianza kuwafundisha waandishi wa Kiafrika, na aliyeongoza kazi hiyo ni Tom Hopkinson, Mwingereza aliyekuwa mhariri wa jarida la Drum huko Afrika Kusini. Waandishi walikuja kwa miezi michache wakarudi kuendesha magazeti ya nchi zilizokuwa zimetoka tu kupata uhuru. Hopkinson alirudi kwao, na mwaka 1970 akaanzisha Cardiff kozi ya uandishi wa habari kwa waliokwisha kuhitimu shahada ya kwanza, ya kwanza ya aina yake katika Uingereza. Yaani Mwingereza huyo alikuwa amefundisha Nairobi kabla hajafundisha kwao. Kijana wa Kigali anayeota kwenda Cardiff ajue kwamba sehemu ya njia hiyo ilichongwa hapa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua shule yake ya uandishi wa habari. Dar es Salaam walikuwa na chuo chao tangu 1975, kikaingizwa ndani ya Chuo Kikuu mwaka 2003. Makerere walianza mwaka 1988, na Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichokua kutoka chuo cha zamani cha Nyegezi. Kote huko leo utapata uzamili.

Sisi Rwanda tulichelewa, na tulilipa. Kabla ya 1994 hapakuwa na shule ya chuo kikuu ya kufundisha kazi hii. Ilifunguliwa Butare mwaka 1996, katika nchi ambayo waandishi wake wengi waadilifu, watu kama André Kameya wa gazeti la Rwanda Rushya na Vincent Rwabukwisi wa gazeti la Kanguka, walikuwa wameuawa. Fikirini kazi ya walimu wale wa kwanza: kuwafundisha vijana jinsi ya kuandika habari, ilhali wazazi wa vijana hao walikuwa wamejifunza kuiogopa redio. Kuanzia 2006 walimu wa Chuo Kikuu cha Carleton cha Kanada walikuja kusaidia, chini ya mpango ulioongozwa na Allan Thompson, ambaye mwaka 2007 alihariri kitabu kikubwa kuhusu vyombo vya habari na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Nawashukuru kwa dhati. Lakini nasema pia, kwa uchungu, kwamba sehemu kubwa ya vitabu anavyosoma mwanafunzi wetu kuhusu redio ya nchi yake imeandikwa na watu waliohitaji mkalimani kuisikiliza.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo Rwezamenyo inapoingia.

Kule Arusha, majaji walikuwa na kanda za redio na maandishi ya hotuba, na hawakujua Kinyarwanda. Neno *gukora* ni neno la kila siku: kufanya kazi. Mwaka 1994 lilitumika kumaanisha kuua. *Inyenzi* ni mende, mdudu wa jikoni. Ukilitafsiri neno kama lilivyo kwenye kamusi, mshtakiwa ni mtu aliyewahimiza raia wafanye kazi kwa bidii. Katika kesi ya mmoja wa washtakiwa wa huko, Akayesu, iliyohukumiwa Septemba 1998, aliitwa Mathias Ruzindana, mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, aeleze maneno ya namna hiyo yalibeba nini, kwa nani, na wakati gani. Hukumu iliegemea maelezo yake. Mtu mmoja aliyeisomea lugha yake kwa kina aliisaidia mahakama ya dunia kusikia.

Elimu ya namna hiyo nyinyi mnayo nusu yake tayari, na hamuijui thamani yake. Mtaa huu na jirani zake, Nyamirambo na Biryogo, ulianza kusema Kiswahili tangu siku za Wajerumani, walipokuja askari na wafanyabiashara kutoka pwani wakati Richard Kandt alipouanzisha mji huu mwaka 1907. Sehemu hizi ziliitwa Kambi ya Waswahili. Msikiti wa Al-Fat'h ulijengwa 1913. Kwa miaka mingi Kiswahili cha hapa kilidharauliwa, kikaitwa lugha ya sokoni na ya madereva. Kisha nchi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na Februari 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi. Leo ofisi zinatafuta watu wanaokijua, na watu hao wamekaa hapa mbele yangu.

Sasa mwanafunzi kutoka mtaa huu anakwenda kusoma uzamili. Anawahoji wasikilizaji kwa Kinyarwanda na Kiswahili, anaandika majibu yao kwa Kiingereza, anatetea kwa Kiingereza, anakabidhi kitabu kinachowekwa kwenye rafu. Mama aliyemhoji pale Kabuguru hatajua kamwe alinukuliwaje. Hawezi kusema, "La, mwanangu, sikumaanisha hivyo." Utafiti ambao mhojiwa hawezi kuukosoa una pengo lilelile la taarifa isiyo na mtu wa kuithibitisha. Na visingizio sivikubali, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale TATAKI, taasisi yake ya Kiswahili, wanafunzi wanaandika tasnifu za uzamili na uzamivu kwa Kiswahili, na wanatetea kwa Kiswahili. Idara za uandishi wa habari zingeweza kufanya vivyo hivyo. Na kama kanuni za chuo zinadai Kiingereza, hakuna kanuni inayomkataza mwanafunzi kuandika kurasa kumi za muhtasari kwa lugha ya waliomsaidia.

Mada zipo hapahapa. Taarifa ya habari ya Kiswahili katika redio zetu mara nyingi hutafsiriwa kutoka lugha nyingine: ni nini huanguka njiani? Mtu akipokea ujumbe wa sauti kwenye simu unaodai mtoto ameibwa, humuuliza nani kabla ya kuusambaza kwa wengine? Na vile vipindi vya mpira, ambavyo wasomi huviona vya kipuuzi: mbona vijana hubishana kwa ushahidi, tarehe na majina wanapozungumzia Rayon Sports, kisha wakifika kwenye habari za bei au za afya huamini chochote? Natamani sana kusoma tasnifu juu ya hilo. Iandikwe na mtu anayekaa karibu na uwanja wa Pelé, anayejua kelele zile zinaanza saa ngapi.

Kuna jambo la pesa, na ningekuwa si mkweli nikilipita. Uandishi wa habari hapa haulipi vizuri. Ndiyo maana kuna *giti*, ile bahasha anayopewa mwandishi mwisho wa mkutano. Tanzania huiita mshiko, Kongo wanaiita *coupage*, na kokote inakoitwa hununua kitu kilekile, kichwa cha habari cha kesho. Wengi waliosoma uzamili wameondoka vyumba vya habari, wamekuwa maofisa habari wa mashirika, na siwalaumu, watoto wanahitaji ada. Lakini nawaambia waajiri wa redio na magazeti waliopo hapa jioni hii: mkimrudishia mhitimu kiti kilekile na mshahara uleule, mnamfukuza. Mpeni muda wa kufanya habari moja kubwa kwa mwezi badala ya ishirini ndogo. Mpeni kazi ya kuwauliza wenzake, kila jioni kabla ya saa moja, umejuaje?

Nawe binti yangu, kama huna uwezo wa kuacha kazi miaka miwili, yako masomo ya jioni na ya mwisho wa juma. Iko pia stashahada ya uzamili, ambayo ni fupi na inamfaa aliyesomea kitu kingine, uchumi, uuguzi au sheria, na sasa anataka kuandika. Naipenda sana njia hiyo. Muuguzi aliyefundishwa kuandika atatuandikia habari za hospitali vizuri kuliko mimi. Usichague chuo kwa jina lake tu. Uliza nani atakusimamia, amewahi kufanya kazi katika chumba cha habari, na hujibu wanafunzi wake baada ya muda gani. Kabla ya kujaza fomu, andika kwenye karatasi swali moja la mtaa huu ambalo hujui jibu lake. Kama huna swali, subiri mwaka mmoja. Kama unalo, nenda.

Na nyote mtakaokwenda, nina ombi. Tasnifu yako ikishapita, kabla hujaipeleka kujaladiwa, rudi hapa Rwezamenyo siku ya umuganda. Waite wale uliowahoji, uwasomee ulichoandika juu yao kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, kisha ukae chini uwaache wakuulize. Nakala moja tuachie. Mimi nitakuja kusikiliza.